Kaka aliuliza kama humo ndani kuna fedha, nikamjibu hakuna

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Nyakato, Mwanza, nina mume na watoto watatu. Baba yetu alifariki mwezi wa nne mwaka huu. Ametuacha wanne: kaka mkubwa, dada aliyeolewa Ukerewe, mimi, na mdogo wetu wa kiume anayehangaika na machimbo kule Geita. Mama alishatangulia zamani.

Baba alikuwa mpishi. Ujanani aliwapikia Waingereza fulani Capri Point, na walipofunga virago mwaka 1963 walimwachia sanduku la mbao lenye vijiko, uma na visu. Baadaye alipata kazi kwenye MV Victoria, upande wa chakula, akawa anakwenda Bukoba na kurudi mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Sanduku lilikaa juu ya kabati miaka yote. Lilishushwa Krismasi tu, tena baba mwenyewe ndiye aliyeosha vyombo vyake na kuvifuta kimoja kimoja. Sisi tulikatazwa hata kumshikia kitambaa.

Kinachonisumbua ni hiki. Huu ni mwaka wa nne nakusanya vyombo vya zamani vya mezani. Nilianza na kijiko kimoja cha chai nilichokiokota kwenye fungu la mitumba pale Mlango Mmoja kwa shilingi 2,000. Kilikuwa cheusi kama kimetoka kwenye moto wa kuni. Nilipokisugua nikaona chapa ndogo ndogo nyuma ya mpini, nikaanza kutafuta maana yake kwenye simu, na tangu hapo sijaacha. Sasa ninavyo 31. Najua vingi si fedha halisi, ila viwili vitatu ni vyenyewe. Mume wangu hajanikataza, ingawa mara mbili nilichukua hela ya kikoba nikachelewa kurejesha, tukagombana.

Wiki mbili baada ya mazishi kaka alinipa sanduku la baba nilisafishe. Usiku watoto walipolala nilikaa sakafuni, nikageuza kijiko cha kwanza kwenye mwanga wa simu. Chapa nne zimepangana: herufi mbili za fundi, nanga, simba anayetembea ameinua mguu mmoja wa mbele, halafu herufi moja peke yake. Nikachukua cha pili, cha tatu. Vijiko sita na uma sita, vyote vina simba. Visu ni sita, mipini ina chapa zilezile lakini makali ni chuma. Kuna birika na sinia vyenye herufi EPNS, yaani vimepakwa fedha juu tu, na kijiko kikubwa kimoja kilichochongwa EAR&H. Niliazima mizani ya jirani anayeoka keki: vijiko na uma, bila visu, gramu 672.

Kesho yake kaka akapiga simu. Akauliza, "Vipi, humo ndani kuna fedha?" Nikamjibu, "Hakuna, kaka." Nilijiambia anaulizia noti, labda alidhani mzee alificha akiba. Lakini Shangazi, nilijua.

Basi wenzangu wameona ni vyuma vya kizamani. Tumekubaliana kwenye simu nitoe shilingi 60,000 wagawane wao watatu, sanduku libaki kwangu. Kikao cha ukoo ni Jumamosi ijayo, Kisesa. Mume wangu anasema ninyamaze. Anauliza mbona Mlango Mmoja huwa sirudi kumwambia muuzaji kwamba ameniuzia fedha kwa bei ya bati? Na mimi nina hofu nyingine. Mdogo wetu anajuana na madalali wa dhahabu. Nikisema ukweli, vijiko vya baba vitapimwa kwa gramu na kuyeyushwa kabla wiki haijaisha. Nikinyamaza vitakuwa salama, kwangu. Nifanyeje?

Mwenye Sanduku, Nyakato

Jibu la Shangazi

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na baba.

Waambie. Tena usingoje Jumamosi mbele ya ukoo mzima. Mfuate kaka yako kwanza, nyumbani kwake, umwambie: siku ile uliniuliza kama kuna fedha nikasema hakuna, na ipo. Nakuomba uende mwenyewe kwa sababu jambo hili limeharibikia kwenye simu. Akikasirika, atakasirikia chumbani, siyo mbele ya wajomba.

Mume wako ameuliza swali la Mlango Mmoja, na ni swali la haki. Muuzaji wa mitumba ana mzigo wake, kaupata kwa bei yake, kapanga bei mwenyewe, na wewe umekesha miaka minne ukijifunza kusoma chapa. Jicho hilo ni jasho lako. Siku ukinunua EPNS ukidhani ni fedha, yeye naye hakurudishii chenji. Mwaka 1998 mimi niliuziwa sinia, nikaambiwa ni fedha tupu, nikalilipia mshahara wa mwezi. Baada ya miaka ya kulisugua, pembezoni ikatokeza rangi ya manjano iliyofifia. Iliniuma, lakini sikumfuata aliyeniuzia, maana sokoni kila mtu huja na macho yake.

Sanduku la baba yako halikutoka sokoni. Kaka alikukabidhi wewe kwa kuwa anakuamini, na pengine kwa kuwa anajua katika ninyi wanne wewe ndiye unayevijua vyombo hivi. Macho uliyoyatumia usiku ule yalikuwa ya kwao pia. Ulipomjibu "hakuna" ulijificha ndani ya neno: Kiswahili chetu kinaita noti fedha na madini yenyewe fedha, ukachagua maana iliyokufaa. Umeandika mwenyewe kwamba ulijua, ndiyo maana barua yako imefika kwangu.

Na hizo 60,000 hazina miguu ya kusimamia. Mali ya marehemu si ya mtoto yeyote kuuziana kwenye simu. Kikao cha ukoo kinamteua msimamizi wa mirathi, muhtasari unakwenda Mahakama ya Mwanzo, na yeye akishathibitishwa ndiye anayekusanya mali na kuigawa kwa warithi. Hata kaka yako, akiteuliwa, hawi mwenye mali kwa sababu hiyo. Ungekaa na vijiko hivyo miaka kumi, siku mjukuu mmoja akipekua chapa kwenye simu, mngegombana upya, na safari hiyo pasingekuwa na mtu wa kuamua.

Sasa tuzungumze vyombo vyenyewe, maana utakwenda kusema jambo ambalo lazima uweze kulithibitisha.

Umesoma vizuri. Simba anayetembea ndiye chapa ya Uingereza ya fedha ya 925, yaani katika kila sehemu 1,000 za uzito, sehemu 925 ni fedha na zilizobaki ni madini mengine, kwa kawaida shaba, kwa kuwa fedha tupu ni laini mno kwa uma. Simba huyo ametumika tangu mwaka 1544. Nanga ni Birmingham, mji ulioko katikati ya nchi mbali na bahari, uliopewa ofisi yake ya ukaguzi mwaka 1773. Kingekuwa cha London ungeona kichwa cha chui. Herufi ya peke yake ni ya mwaka: kila mwaka walibadilisha herufi, na ikiisha alfabeti wakabadilisha mwandiko na umbo la fremu inayoizunguka. Kwa hiyo ukilinganisha na jedwali la Birmingham, tazama fremu pia, usitazame herufi tu. Umenitajia chapa nne na hakuna kichwa cha mfalme wala malkia. Kichwa hicho kiligongwa kuanzia 1784 hadi 1890 kuonyesha kodi imelipwa, kwa hiyo mimi nakisia vyombo vyako ni vya baada ya hapo.

Birika na sinia ni habari nyingine. EPNS ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliopakwa utando mwembamba wa fedha kwa umeme. Hakuna cha kuyeyusha humo. Waeleze wazi hayo pia, wasije wakadhani unawaficha upande mwingine.

Usimruhusu mtu aje na tindikali kukwangua kijiko. Sumaku nayo haitakusaidia; fedha haishikwi, lakini hata EPNS kwa kawaida haishikwi. Fanya hivi. Mwambie mdogo wako aje na mizani ya kupimia dhahabu, ile inayosoma desimali. Pimeni kijiko kikavu. Tuseme ni gramu 56. Kisha wekeni glasi ya maji juu ya mizani, mrudishe namba kwenye sifuri, mfunge kijiko uzi, mkitumbukize kizame chote huku umeushika uzi, kisiguse chini wala pembeni. Mizani itapanda. Ikisoma karibu 5.4, gawanya 56 kwa namba hiyo, unapata 10.4 hivi, na huo ndio uzito wa fedha ya 925. Cha EPNS chenye gramu zilezile kingepandisha mizani hadi kama 6.4. Fanyeni na simba, halafu mfanye na kijiko kimoja cha EPNS kutoka kwenye vile 31 vyako, wote wakiwa wameinama juu ya glasi. Mdogo wako anayepima dhahabu ataelewa kabla hujamaliza kueleza, na akiona kwa macho yake, atakuwa shahidi wako badala ya kuwa mtu unayemwogopa.

Kuhusu thamani, gramu 672 ukizidisha kwa 0.925 unapata fedha tupu kama gramu 622. Bei ya dunia hutajwa kwa wakia ya madini, ambayo ni gramu 31.1, siyo ile wakia ya 28.35 ya dukani. Hapo una karibu wakia 20. Bei inabadilika kila siku, itazameni kwenye simu siku hiyohiyo mkiwa pamoja. Kwa bei ya sasa mtaona inapita shilingi milioni moja, huku wenzako wameahidiwa 20,000 kila mmoja. Dalali atatoa pungufu ya bei ya dunia, kwa kuwa naye ana gharama za kusafisha na faida yake.

Lakini usiwapandishe mori kwa hadithi za utajiri. Vijiko na uma vya namna hii vilitengenezwa vingi sana, na mkusanyaji mwenye akili hutoa juu ya bei ya madini kidogo tu, kwa sababu seti ni kamili na sanduku lake lipo. Visu msiviweke kwenye mizani kabisa. Mpini wa kisu cha namna hiyo ni ganda jembamba la fedha lililojazwa lami ngumu au kitu kama hicho ili kushikilia chuma. Ukipima kisu kizima unapima lami. Atakayevitaka kwa ajili ya madini lazima avivunje, na atakachopata hakitamlipa usumbufu.

Nije kwenye hofu yako ya kuyeyushwa, ambayo naiheshimu. Nimeona fungu la vijiko likiingia kwenye kikombe cha moto kwa fundi. Kwa dakika chache unakiona bado kijiko, mpini umesimama, halafu kinalegea katikati na kuwa tone. Nilitoka nje. Basi sikuambii uende Kisesa mikono mitupu kuwaachia waamue. Nenda na hoja mbili.

Ya kwanza, mkigawana sawa, wewe ni mrithi wa robo. Kama zipo wakia 20, tano ni zako tayari, na wenzako wanadai 15, tano kila mmoja. Omba uzinunue hizo 15 kwa bei ya dunia ya siku hiyo, bila kukata kile ambacho dalali angekata. Waonyeshe hesabu: kwako wanapata zaidi ya kwa dalali, na vyombo vya baba vinabaki nyumbani. Omba ulipe kwa awamu, iandikwe kwenye muhtasari, na sanduku likae kwa kaka mpaka umalize. Hapo hakuna wa kukutilia shaka.

Ya pili, kama wakikataa au mfuko wako hautoshi, omba robo yako kwa vyombo, usiichukue kwa noti. Vipande 12 kwa watu wanne ni vitatu vitatu. Mkusanyaji ataumia kuona seti inakatwa, hata mimi naumia ninapoandika. Lakini vitatu vilivyoko kabatini kwako, na vitatu kwa dada yako Ukerewe, ni bora kuliko 12 vilivyogeuka tone. Na mtu akishakuwa na kijiko cha baba yake mkononi, akakilia chakula, mara nyingi habari ya dalali huisha yenyewe.

Hela ya kununulia itoke wapi? Isitoke kwenye kikoba. Hilo umelitaja kwa haraka na kupita, lakini ndilo mume wako analolikumbuka kila anapoona kifurushi kipya. Kama bado unadaiwa, lipa kwanza. Halafu chukua vile 31, tenga viwili vitatu vyenye simba, vingine uza. EPNS iliyo safi hununuliwa na wapishi wa harusi na watu wa hoteli ndogo, kwa kuwa inang'aa mezani. Utabaki na vichache, ila vitakuwa vile ambavyo usingependa kuviacha, na hapo ndipo mkusanyo unapoanza kuwa mkusanyo.

Umesema ulikisugua kile kijiko cha kwanza. Sijui ulitumia nini, ila kama ni jivu au waya wa kusugulia masufuria, vya baba usiviguse hivyo. Weusi ule si kutu. Ni fedha iliyokutana na salfa, inayotoka kwenye hewa, moshi, mayai na hata mpira. Ukisugua kwa ukali unaondoa fedha yenyewe, na kinachotangulia kufifia ni chapa. Tandika karatasi ya foili ya alumini ndani ya beseni, panga vijiko viiguse, nyunyiza soda ya kuokea, mimina maji ya moto. Utasikia harufu ya yai bovu. Ni salfa inaachia fedha. Dakika chache zinatosha, kisha osha na ukaushe palepale. Visu usiviingize kwenye maji ya moto kamwe, lami ya ndani inalegea na makali yanachomoka. Usivifunge kwa mpira. Kanga kuukuu ya pamba, iliyofuliwa na kukauka vizuri, inatosha.

Mpaka mgawanyo upite, usivitumie. Ila vikishakuwa vyako kihalali, vitumie. Kijiko kinachotumika na kuoshwa kila siku hakipati nafasi ya kuwa cheusi. Chumvi tu usiiache juu yake usiku kucha, inakula fedha na kuacha vitobo visivyofutika.

Halafu kipo kijiko ambacho umekitaja mara moja na kukiacha, kile cha EAR&H. Hizo ni herufi za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli ya Kenya na Uganda na ile ya Tanganyika, na meli za ziwani zikiwa chini yake. Mwaka 1969 reli na bandari zikatenganishwa kuwa mashirika mawili. MV Victoria ilianza safari mwaka 1961. Kijiko chenye herufi hizo basi kilichongwa ndani ya miaka hiyo 21, na kama ni kweli baba alikitumia melini, kimevuka ziwa hili mara nyingi kuliko wewe na mimi. Kigeuze uangalie nyuma. Nategemea utakuta EPNS, kwa kuwa vyombo vya reli na meli vilipigwa sana na kazi. Kwenye mizani ya dalali hakina kitu. Fedha ya sanduku lile walimpa Waingereza, lakini kijiko hiki ni cha kazi yake mwenyewe, siku za ujana wake, na mimi ningekitaka kabla ya simba wote.

Huenda kaka yako naye akakitaka. Mwulize anakumbuka nini kuhusu meli, yeye ni mkubwa, alikuwa na akili zake siku baba alipokuwa akirudi kutoka Bukoba. Niandikie baada ya Jumamosi uniambie kimekwenda kwa nani.